Haidt, Shrier na simu ya mama

Kitabu cha Jonathan Haidt, The Anxious Generation, nimekisoma hapa Murusagamba kwenye simu, usiku, jambo ambalo mwenyewe angelicheka. Nakiri kilinishika. Anasema kati ya 2010 na 2015 watoto wa Marekani waliacha kucheza nje wakahamia kwenye simu janja, na ndipo wasiwasi, sonona na kujidhuru vikapanda, hasa kwa wasichana. Mwanasaikolojia Candice Odgers alimjibu katika jarida la Nature kwamba mambo mawili kupanda pamoja si ushahidi kuwa moja limezaa jingine. Kwenye hesabu niko na Odgers. Ila shida yangu na Haidt iko kwingine: mtoto wake ana simu yake, chumba chake, na mlango wa kufunga.

Huku simu ni ya mama. Ina pesa ya mbolea, ina meseji za kikoba, na jioni bando likiwepo ina TikTok ya watoto watano waliobanana mkekani. Haidt anataka simu zitoke shuleni na watoto warudi kucheza nje bila kuchungwa. Sawa. Watoto wetu wako nje na mbuzi mpaka giza, na shule nyingi za sekondari zilikataza simu kitambo. Nusu ya masharti yake tumetimiza bila kumsoma. Je, tumepona?

Kuna binti wa kidato cha pili ninayemfahamu. Hana simu, hajawahi kuwa nayo. Alirekodiwa akicheza muziki kwenye sherehe ya kipaimara, na mtu mzima, si mtoto mwenzake, akaiweka video hiyo stetasi ya WhatsApp na maneno ya kejeli. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Kufikia hapo watu walishaipakua, hadi ndugu zake walio ng'ambo, Burundi, waliiona. Yeye aliiona wa mwisho, mama akiwa ameishika simu. Wiki tatu hakwenda shule. Haidt anaandika kuhusu mtoto anayetazama mno. Huyu alitazamwa.

Mwaka uleule wa Haidt, 2024, Abigail Shrier alitoa Bad Therapy. Kwake watoto wa Marekani wanaulizwa mno wanajisikiaje, wanapelekwa mno kwa wataalamu, hadi tiba yenyewe inawaumiza. Nilicheka peke yangu. Kutoka huku, mtaalamu wa afya ya akili ni nauli ya Bugando, Mwanza, au ni Mirembe ya Dodoma, jina ambalo likitajwa tu ukoo mzima unainamisha vichwa. Tiba ya kuzidi tungeitoa wapi?

Lakini kitabu chake, chenye ubishi mwingi kuliko ushahidi, kina jambo ambalo nimelirudia mara mbili: kumwuliza mtoto kila saa kuhusu kidonda chake ni kukitonesha. Shangazi alikuja kumfariji yule binti, akaja jirani, akaja katekista. Kila mmoja, kabla ya kusema pole, aliomba kwanza aione hiyo video. Yaani, bwana, hata huruma ilihitaji bando.

Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", tukaishia hapo. Nisingeweka benchi la hadharani Murusagamba. Atakayelikalia atajulikana kabla ya jua kutua. Bibi, ndiyo.

Bibi wa binti yule ana kitochi, hakuiona video wala hakuiomba. Walikuwa wakichambua maharage, siku ya tatu au ya nne, akamwuliza, "Hivi siku ile ulikuwa unacheza wimbo gani?" Binti akauimba kidogo.