Mwezi Uliosimama Wima: Picha za Anga na Msomaji wa Kibokoni

Vitabu vya picha kuhusu anga husifiwa kwa usahihi wake, na aghalabu sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, usahihi wa picha una mahali pake. Vitabu hivi, vingi vikiwa vimetungwa Ulaya na Marekani, huuchora mwezi mchanga ukiwa wima mfano wa mundu. Kwa msomaji wa Kibokoni, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mwezi huo huo hulala kama dau, au huinama kidogo tu. Naye ni mtu wa mji unaoutafuta mwandamo wa Ramadhani kwa macho. Vilevile huelekezwa aitafute nyota ya kaskazini, ambayo Mombasa haionekani kabisa. Hapa picha haiifafanui matini. Inamfanya msomaji ayashuku macho yake mwenyewe.

Kutafsiri maelezo peke yake hakutoshi. Kiswahili kina Zuhura, Mshtarii, Zuhali na Kilimia, lakini majina haya yakibandikwa chini ya anga la London huwa mapambo tu. (Ajabu ni kwamba Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.) Mhariri wa Kiswahili hana budi kumpandisha mchoraji darini Kibokoni wakati wa magharibi, kabla hajamwita mfasiri.