Rock and Roll Ilikuwa na Mama

Mei 1964, Manchester, Uingereza. Katika kituo cha reli ambacho hakipokei tena abiria, mwanamke wa miaka 49 anashuka kwenye gari la farasi. Amevaa koti kama mama anayekwenda ibadani. Mvua imenyesha. Anajivika gitaa la umeme na kuanza wimbo wa Injili kuhusu gharika ya Nuhu. Vijana wa Kizungu wanamtazama kutoka ng'ambo ya reli. Huyo ni Sister Rosetta Tharpe.

Nimeirudia video hiyo mara nyingi, nikijiuliza kwa nini niliambiwa muziki huu ulianza na Elvis Presley.

Jina lenyewe lina historia. "Rock" na "roll" ni kuyumba na kubingirika, kama chombo baharini. Katika makanisa ya Wamarekani Weusi, kuyumba huko kulikuwa kushukiwa na Roho. Katika bluzi, kulikuwa mambo ya chumbani. Trixie Smith aliimba maana hiyo ya pili mwaka 1922. Mtangazaji Alan Freed alipolieneza jina hilo redioni miaka ya 1950, lilikuwa limeshakomaa.

Wachambuzi hubishana kuhusu rekodi ya kwanza: "Rocket 88" ya 1951, au Elvis mwaka 1954? Kasoro ya ubishi huo ni kwamba unatafuta baba tu. Tharpe alirekodi "Strange Things Happening Every Day" mwaka 1944. Mwaka 1947 alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Little Richard.

Utasema aliimba Injili, si rock and roll. Ni kweli, maneno ni ya kanisani. Lakini sikiliza mkono: unakwaruza, unatania, unajibizana na sauti. Alipopeleka nyimbo za ibada kwenye kumbi za starehe, waumini walimlaumu. Kwangu, lawama hiyo ndiyo maana ya rock and roll: madhabahu na ukumbi wa dansi ndani ya wimbo mmoja, bila kuombana radhi.

Alifariki 1973, na kwa zaidi ya miaka 30 kaburi lake halikuwa na jiwe la jina. Aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2018, miaka 32 baada ya Elvis na Little Richard. Mwanafunzi alitangulia, mwalimu akafuata.