Papo kwa Papo si Kutojiandaa: Tarumbeta ya Miles Davis katika Filamu ya Louis Malle

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wa fasihi simulizi kwamba mojawapo ya sifa za fanani bora ni uwezo wa kutunga papo kwa papo. Nilipotaka mfano wa mbali niliwatajia muziki ambao Mmarekani Miles Davis aliurekodi mjini Paris mwaka 1957 kwa ajili ya filamu ya Kifaransa, Ascenseur pour l'échafaud. Kwa Kiswahili tungeweza kuiita Lifti ya Kwenda Kitanzini. Niliwaambia kwamba aliingia studio mikono mitupu, akatazama picha, akapuliza tarumbeta. Likizo iliyopita niliitazama filamu yenyewe nyumbani, kisha nikaisikiliza tena na tena diski ya muziki wake. Makala haya ni uhakiki wa kazi hizo mbili. Aidha, ni masahihisho ya mhadhara wangu mwenyewe.

Kwanza, neno jazi lisimchanganye msomaji. Katika eneo letu limezoeleka kwenye majina ya bendi kama OK Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo gitaa ndilo lililotawala na watu walicheza. Jazi ya Davis hapa ni ya kusikiliza ukiwa umeketi: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na ngoma, na ukimya mwingi katikati.

Kisa ni chepesi kusimulia. Julien Tavernier, mwanajeshi wa zamani, anamuua mwajiri wake, ambaye ni mume wa mpenzi wake Florence, na kuyapanga mambo yaonekane kuwa marehemu amejiua. Amesahau kamba aliyopandia. Anaporudi kuichukua, mlinzi anazima umeme wa jengo na Julien anakwama ndani ya lifti. Wakati huo kijana mmoja na msichana wake wanaiba gari lake. Florence analiona gari likipita na msichana ndani, anadhani amesalitiwa, na anazunguka mjini usiku kucha akimtafuta. (Siku ya kwanza kuitazama, umeme wa mtaani kwetu nao ulikatika dakika chache baada ya Julien kukwama. Mke wangu akasema sasa tumekwama sote.)

Mwongozaji, Louis Malle, alikuwa na umri wa miaka 25. Davis, aliyekuwa na miaka 31, alikuwa Paris kwa maonyesho. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Desemba 1957 waliingia studio pamoja na mpiga ngoma Kenny Clarke, Mmarekani aliyehamia Ufaransa, na wanamuziki watatu wa huko: Barney Wilen, René Urtreger na Pierre Michelot. Vipande vya filamu vilionyeshwa mbele yao nao wakapiga wakivitazama. Hadi hapo mhadhara wangu ulikuwa sahihi.

Nilichokiacha ndicho chenye uzito. Davis alikuwa ameonyeshwa filamu kabla ya usiku huo. Aliwekewa piano katika chumba chake cha hoteli, akaandaa mifuatano michache ya sauti ambayo wenzake wangeifuata. Sehemu zitakazotiwa muziki zilikuwa zimechaguliwa. Isitoshe, diski iliyotolewa miaka mingi baadaye ina majaribio ya usiku ule ambayo hayakuwekwa katika santuri ya kwanza. Ukiyasikiliza kwa mfululizo, unamsikia mtu akirudia wazo lilelile, akipunguza noti, akingoja zaidi kabla ya kupuliza. Hiyo si kazi ya mikono mitupu. Ni kazi ya mtu aliyejua anakokwenda ila hakuamua mapema atapita njia ipi.

Filamu nayo ilinifunza jambo ambalo diski peke yake haikuweza kunifunza. Ina takriban dakika 90, lakini muziki hauzidi dakika 20. Zaidi ya hayo, Florence na Julien hawaonekani pamoja katika tukio lolote. Mwanzoni wanazungumza kwa simu; mwishoni tunawaona pamoja katika picha za mnato tu. Kwa hiyo tarumbeta ndiyo inayotuonjesha mapenzi ambayo macho yetu hayaonyeshwi. Jeanne Moreau anapotembea Champs-Élysées usiku, akimulikwa na mwanga wa madirisha ya maduka, kamera ya Henri Decaë ikiwa imepakiwa katika kigari cha mtoto, muziki haumsindikizi tu. Unamtafuta Julien pamoja naye.

Hata hivyo, kazi hii ina kasoro. Katika matembezi hayo tunasikia pia sauti ya mawazo ya Florence ikinong'ona, na mara nyingine inasema yale ambayo tarumbeta imekwisha kuyasema vizuri zaidi. Visa vya wale vijana wawili navyo vinachukua nafasi kubwa kuliko uzito wao. Kila kamera inapowafuata wao, mtazamaji anatamani kurudi kwa Florence.

Naomba nihitimishe kwa kurudi darasani. Wapo wanafunzi ambao huja kwenye uwasilishaji wa fasihi simulizi bila kujiandaa, wakiulizwa hujibu kwamba wanatunga papo kwa papo. Nakiri kwamba mfano wangu uliwapa kisingizio. Anayeghani majigambo (ebyevugo) ya Ankole huja na hazina ya mafungu ya maneno, mizani iliyomo mwilini na majina aliyoyakariri tangu utotoni. Mlumbi hali kadhalika. Kinachozaliwa papo hapo ni chaguo tu: neno lipi, lini, na mbele ya hadhira ipi. Davis alikuwa na hadhira ya ajabu, yaani mwanamke anayetembea kwenye pazia na asiyeweza kumsikia.

Ndugu msomaji, ukizipata kazi hizi mbili, anza na filamu. Kisha zima taa na usikilize diski. Muhula ujao nitafanya hivyo pamoja na wanafunzi wangu, na nitaanza kwa kuwaomba radhi.