Pindua Soksi, Tazama Ndani

Kazi ya mikono hukaguliwa upande wa ndani. Wanawake wa mtaani kwetu Kiwalani wanaofuma soksi za watoto wachanga wanalijua hilo. Soksi ikishakamilika huipindua na kupitisha kidole kila mahali, wakitafuta uzi uliolegea. Uzi wa namna hiyo unaweza kuzunguka kidole cha mguu cha kichanga na kukaba damu, na mtoto hana njia ya kusema zaidi ya kulia.

Dar es Salaam ni jiji la joto, lakini mwili wa mtoto aliyezaliwa juzi haujaweza kujitunzia joto vizuri. Ndiyo maana wakunga husisitiza afunikwe kichwa na miguu, hasa alfajiri za kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Jirani akikaribia kujifungua, kuanzia Bombom hadi Minazi Mirefu, kuna mtu barazani ameshika uzi na sindano.

Vifaa ni vichache: bunda la uzi na sindano tano nyembamba. Zisipopatikana dukani, spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha zinatosha. Nne hushikilia vitanzi, ya tano hufuma. Shingo ya soksi hupewa vitanzi vya mbele na vya nyuma kwa kupokezana ili ivutike na kubana. Mtihani uko kwenye kisigino: unaacha nusu ya vitanzi ikisubiri, unakwenda na kurudi juu ya nusu nyingine, kisha unaunganisha viwili viwili katikati, safu kwa safu, mpaka kitambaa kilichokuwa bapa kinajikunja na kuupokea mguu. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha. Hakuna mkasi wala mshono; ni hesabu tupu na subira.

Ustadi huu una umri mrefu. Misri imehifadhi soksi za zaidi ya miaka 1,500, zilizotengenezwa kwa sindano moja, na kidole gumba kimetengwa ili mvaaji apitishe ukanda wa ndara. Baadaye mafundi wa huko huko walifuma soksi za pamba zenye nakshi za buluu na nyeupe. Afrika, basi, si mgeni katika kazi hii.

Thawabu yake kubwa ni kwamba hakuna kinachopotea. Mtoto akikua na soksi zikambana, fumua. Uzi ule ule utakuwa kofia ya mdogo wake.

Lakini mkono uliofuma haununui tena nguo kwa upofu. Huanza kuuliza uzi umetoka wapi. Pamba hulimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu yake kubwa husafirishwa nje kabla haijawa uzi, ingawa kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 ili tujivike wenyewe. Mabunda mengi ya rangi za kupendeza madukani ni ya akriliki, jamaa ya plastiki, isiyonyonya jasho. Kwa ngozi ya kichanga, pamba inastahili kutafutwa hata kama bei yake inauma.

Huuliza pia ni nani aliyeketi nyuma ya mashine. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wakiwa washonaji wa nguo za bei rahisi. Huo nao ni upande wa ndani wa nguo, ambao dukani hatuoneshwi.

Simlaumu anayenunua mtumba. Mtumba umewavika wengi wetu, na nguo inayovaliwa mara ya pili haijatupwa. Ninachokataa ni dharau. Mama anapotaja bei ya jozi aliyoifuma kwa siku kadhaa kati ya kupika na kufua, kumwambia “mbona uzi ni wa bei ndogo tu” ni kumnyima ujira wa saa zake. Alipwe muda wake, na macho yake pia.

Ningependa kila mtoto wa Kiwalani, wa kiume na wa kike, afundishwe kufuma angalau jozi moja kabla hajaanza kununua nguo kwa fedha zake. Atakayekipita kisigino kile kwa mikono yake atajua cha kuuliza dukani, na hataona haya kulipa bei ya haki.