Nyumba Njema si Mlango: Wasomaji wa Nakivale na Mbarara na Riwaya za Familia ya Dollanganger

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi kama mfano wa matumizi ya sitiari, na pengine hatukuwahi kuitafakari vya kutosha. Ilitubidi tuirudie baada ya kusoma, pamoja na baadhi ya wanafunzi wetu wa Mbarara na wasomaji wachache wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, riwaya iliyozua ugomvi kila iliposomwa: Flowers in the Attic ya mwandishi wa Kimarekani V. C. Andrews, iliyotoka mwaka 1979. Katika uhakiki huu tunakusudia kueleza maoni ya wasomaji hao juu ya riwaya hiyo, mfululizo wake na filamu zake, kisha tuseme sisi wenyewe tumejifunza nini.

Kwa wasioifahamu, kisa chake kwa ufupi ni hiki. Baba wa watoto wanne anafariki katika ajali ya gari. Mama yao, Corrine, hana kazi wala akiba, anarudi kwa wazazi wake matajiri katika jumba la Foxworth huko Virginia. Baba yake alikuwa amemnyima urithi kwa sababu aliolewa na ndugu wa baba yake wa upande mmoja. Ili arudishiwe urithi, mzee asijue kuwa ndoa hiyo ilizaa watoto. Basi Chris, Cathy na pacha wadogo, Cory na Carrie, wanafungiwa katika chumba cha juu, chini ya ulinzi wa bibi mkali anayewaita matunda ya dhambi. Wanaambiwa ni kwa siku chache tu. Wanakaa zaidi ya miaka mitatu. Cory anakufa kwa sumu ya aseniki iliyochanganywa na sukari ya unga juu ya donati. Hatimaye watoto wanagundua kuwa babu yao alikwisha kufa miezi mingi nyuma, na kwamba mama yao alikuwa huru kuwafungulia lakini hakufanya hivyo, kwa kuwa wosia ulisema atapoteza kila kitu ikithibitika kuwa alizaa katika ndoa ile ya kwanza.

Wahakiki huiweka riwaya hii katika kundi la riwaya za kigothi, yaani riwaya za hofu zenye jumba kubwa, siri ya ukoo, chumba kilichofungwa na dhambi ya wazee inayowaangukia wana. Sisi nasi tulianza somo kwa kuorodhesha sifa hizo ubaoni. Tuliwauliza wasomaji: je, ni kitu gani kinachotisha katika nyumba hii? Tulitarajia wataje giza, panya, kiboko cha bibi au lami iliyomwagwa katika nywele za Cathy.

Kabla ya kujibiwa tulikwama katika lugha. Tulipotafsiri kwa mdomo kwamba bibi aliwachapa watoto, wasomaji waliotoka Kivu walielewa kuwa ni mke wa mtu fulani, kwa sababu katika Kiswahili cha kwao bibi ni mke. Tulipojaribu nyanya, waliowahi kuishi Tanzania walicheka, kwani kwao hilo ni tunda la kupikia mchuzi. Wanafunzi wa Mbarara walipendekeza jaja, tukakubaliana hivyo. Neno dari nalo lilitushinda kwa muda. Katika makazi ambayo nyumba nyingi huezekwa kwa mabati au turubai, chumba kilicho juu ya dari na chini ya paa ni jambo la kusimuliwa kwa mikono. Hata hivyo, kufungwa kwenyewe hakukuhitaji maelezo.

Jibu la Nakivale halikuwa lile tulilotarajia. Mama mmoja mwenye watoto alisema kwamba jaja yule hamtishi hata kidogo, kwa sababu chuki yake iko wazi na mtoto anajua ajikinge vipi. Anayemtisha ni mama anayekuja na zawadi. Mzee mmoja akaongeza kuwa siku ya kwanza Corrine hakusema uongo, huenda aliamini kweli kuwa ni siku chache. Kosa lake ni kuendelea kuyatamka maneno yale yale baada ya kwisha kuwa uongo. Wengine waliitikia kwa vichwa. Tukumbuke kwamba kuanzishwa kwa makazi ya Nakivale, katika wilaya ya leo ya Isingiro, hutajwa kuwa mwaka 1958. Yalianza kama mahali pa kungojea. Wapo waliozaliwa humo, wakakua na kupata watoto humo. Watu hawa wanajua jinsi neno "kwa muda" linavyoweza kunyooshwa.

Hapo ndipo tulipoona upungufu wa orodha yetu ya ubaoni. Hofu ya riwaya hii haimo katika jumba bali katika wakati. Ukiisoma upya kwa jicho hilo, unaona jinsi msuko wake ulivyojengwa: ziara za mama zinapungua, zawadi zinaongezeka, nguo zinawabana watoto wakubwa, na pacha wale wadogo hawarefuki. Andrews si mtaalamu wa lugha; sentensi zake zimejaa machozi na mshangao, na Cathy anayesimulia huongea kama mtu anayejisikiliza. Lakini katika jambo hili moja la kuhesabu siku, ameandika kwa ustadi.

Si kwamba wote waliipenda. Wanafunzi kadhaa wa Mbarara walikasirishwa na mapenzi yanayozuka kati ya Chris na Cathy, ndugu wa tumbo moja, na mmoja wao alirudisha nakala yake kabla ya kuimaliza. Hatukumlaumu. Huko Marekani kwenyewe kitabu hiki kimewahi kuondolewa katika baadhi ya maktaba za shule. Msomaji mwingine alijitetea kuwa uovu ule ni wa aliyewafungia, si wa waliofungiwa. Kwa maoni yetu hoja hii inasimama katika kitabu cha kwanza tu. Katika Petals on the Wind (1980) simulizi inageuka kuwa kisasi, Cathy akimnyang'anya mama yake mume. Katika If There Be Thorns (1981) na Seeds of Yesterday (1984) ndugu hao wanaishi kama mke na mume, na mwandishi anatutaka tuwaonee huruma bila kutuuliza tena swali gumu. Jeraha limegeuzwa pambo. Baada ya Andrews kufariki Desemba 1986, Andrew Neiderman aliendelea kuandika kwa jina lake, na ukoo huu ukazidi kurefushwa.

Kwa upande wa filamu, tulitazama mbili. Ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Jeffrey Bloom, imeondoa mapenzi ya ndugu na kubadilisha mwisho: siku ya harusi yake mpya Corrine anakabiliwa na watoto wake, anaanguka na kunyongwa na shela yake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alituongoza kwa kutafsiri papo hapo, kwa mtindo wa maviijei wa vibanda vya video vya Uganda, au wa Lufufu aliyependwa sana Tanzania. Shela iliponasa alishangilia, na wengi wakashangilia naye. Lakini yule mama wa Nakivale hakufurahi. Alisema kuwa kitabuni watoto wanatoroka alfajiri na mama anabaki na mali yake, na hivyo ndivyo mambo yalivyo duniani. Filamu imemuua ili sisi watazamaji tulale usingizi.

Tunakubaliana naye. Filamu ya televisheni ya mwaka 2014, ambamo Ellen Burstyn anaigiza bibi, ni aminifu zaidi: imerudisha yaliyoondolewa na haimwadhibu mama kwa miujiza. Hata hivyo, miaka mitatu na zaidi imebanwa katika dakika 90 hivi. Tunaonyeshwa kufungwa, hatuonyeshwi kungoja. Msomaji huhisi kurasa zikimwelemea; mtazamaji hupewa chakula kilichokwisha kutafunwa.

Je, haya yanahusu nini Kiswahili? Yanahusu sana. Wanafunzi wetu walidhani nyumba ya namna hii ni jambo la Wazungu, hadi tulipowakumbusha Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ambamo Maksuudi, mheshimiwa mbele za watu, amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Tukawakumbusha pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambamo Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na ukali huo unamwandaa binti kwa maangamizi. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, na baadaye ikarudi madarasani. Tofauti ni kwamba Mohamed na Kezilahabi wanafungua mlango ili tuione jamii nzima iliyonyamaza nje, ilhali Andrews anatuacha ndani ya ukoo mmoja. Kwa hiyo, kwa upana wa dhamira, waandishi wetu wamemzidi.

Mwalimu mmoja alitupinga kwa nguvu. Alisema watoto wa makazi wameona ya kutosha, wapewe vitabu vya furaha. Hoja hii ni nzito, na hatupendekezi Flowers in the Attic kwa watoto. Lakini kwa wanafunzi wa chuo na walimu watarajiwa tunaona vinginevyo. Hatari ambayo mtoto huijua ni ile inayokuja kutoka nje. Ile inayokuja kutoka kwa mlezi, ikiwa na zawadi mkononi, hana jina la kuiita. Fasihi inaweza kumpa mwalimu lugha ya kuizungumzia kabla hajakutana nayo darasani kwake, katika uso wa mtoto asiyesema.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu tunaowaandaa watakwenda Isingiro na kwingineko. Tunawashauri waanze na Rosa Mistika na Utengano, kisha walinganishe na riwaya za kigeni, na wawasikilize wasomaji wao kabla ya kuandika sifa ubaoni. Sisi tulifika Nakivale tukiwa na majibu, tukarudi tumesahihishwa.