Dawa Inayokaa Kwenye Uzi

Pamba hupendwa kwa sababu hunywa jasho, na kwa sababu hiyohiyo bakteria nao huipenda. Jasho la kwapa likitoka mwilini halina harufu ya kutaja. Harufu huja bakteria wanapolivunjavunja, nacho kitambaa chenye unyevu na joto huwapa makazi. Anayewafukuza ni fundi ambaye hatajwi kwenye lebo: mmaliziaji wa vitambaa kiwandani.

Wazo la kutia kitambaa dawa ya kuua vijidudu ni la zamani. Mwaka 1867, Joseph Lister, daktari wa upasuaji mjini Glasgow, alieleza jinsi alivyofunika vidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki. Lakini dawa ile haikushikana na uzi. Kulowesha kitambaa dawa ni kazi ya yeyote. Kuifanya ibaki ndiyo ufundi.

Chukua kitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Ikiyeyushwa katika asidi hafifu hupata chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi, basi viwili hivyo hunasana, utando huvurugika na bakteria hufa. Ili kitosani ishike, kwanza pamba huondolewa nta yake ya asili, maana nta huzuia dawa kupenya. Kisha kitambaa huchovywa, hukamuliwa kati ya rola, hukaushwa na kupitishwa kwenye tanuri, ambako asidi ya sitriki huifunga kitosani kwenye selulosi ya pamba. Hapo ndipo jicho la fundi hupimwa: joto likipungua, dawa itatoka kwa maji, likizidi, pamba nyeupe inageuka manjano na kulegea.

Ustadi unaonivutia zaidi ni wa halamini. Hizi ni kampaundi zenye nitrojeni inayobeba klorini. Klorini ikiisha kwa kuua bakteria, kitambaa hufuliwa kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, nacho hujiwekea akiba upya kama mtungi uliorudishwa kisimani.

Si kila njia hutunza dawa hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walisuuza soksi zenye chembe za madini ya fedha ya kuua bakteria na kukuta baadhi zikiimwaga fedha hiyo majini. Kinachotoka kwenye nguo huishia katika majitaka, na hakimlindi tena mvaaji. Ndiyo maana kitambaa kinachoua bakteria kikiwa kipya hakijathibitisha kitu mpaka kifuliwe tena na tena, kisha kipimwe upya.

Shati la kila siku linatosheka na sabuni na jua. Ufundi huu unastahili kwenda kwanza kwenye bandeji na shuka za wodini. Nawe ukiuziwa nguo "isiyokaliwa na bakteria", muulize muuzaji maswali mawili: imetiwa dawa gani, na inahimili kufuliwa mara ngapi?