Kuufuata Mwamba kwa Mwangwi

Meli ya utafiti wa mitetemo huenda polepole, noti nne au tano, ikiburuta nyuma yake nyaya zenye urefu wa kilometa sita hadi nane. Ndani ya nyaya hizo mna haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini. Kila baada ya sekunde kumi hivi bunduki za hewa hufyatua hewa iliyoshindiliwa. Mlio hushuka, hugonga sakafu ya bahari, huendelea chini, na kila mahali mwamba mmoja unapoishia na mwingine kuanza, sehemu yake ndogo hurudi juu. Kusini mwa Tanzania, kisima cha gesi cha Zafarani kilichimbwa mwaka 2012 penye maji ya kina cha zaidi ya meta 2,500. Mahali kama hapo, mwangwi wa sakafu ya bahari peke yake huchukua zaidi ya sekunde tatu kurudi.

Kazi ya kuusafisha mwangwi huo huchukua miezi. Kelele za mawimbi huondolewa, sauti zilizodundadunda kati ya sakafu na uso wa bahari hutolewa, na mwangwi mwingi wa sehemu moja hujumlishwa uwe mmoja ulio wazi. Hapo ndipo data zinapomfikia mwanajiofizikia mezani pake, na hapo ndipo ninapopenda kukaa kimya na kutazama.

Niliyemtazama mimi ana skrini mbili na kipanya kilichochakaa upande wa kidole cha shahada. Kwenye skrini kuna pazia la mistari ya bluu na nyekundu, mamia kwa mamia, imelala, imepinda, imekatika. Mtu asiyeizoea huona milima papo hapo. Yeye haanzi na milima. Anaanza na kisima cha zamani kilicho karibu, kwa sababu hapo tu ndipo mwamba ulipowahi kuguswa kwa chuma.

Ndani ya kisima vipimo vya kasi ya sauti na uzito wa mwamba kwa ujazo wake vilichukuliwa kila sentimeta 15 hivi. Anazidisha kasi kwa uzito. Pale jibu linapobadilika ghafla, mwangwi unapaswa kuwapo. Kutokana na hesabu hiyo anatengeneza mwangwi wa kukokotoa, kisha anauweka ubavuni mwa ule uliotoka baharini. Haulingani. Anausogeza milisekunde nne chini, anatazama, anaurudisha mbili. Programu ingemruhusu kuuvuta mpaka ukubali, lakini kila mvuto hubadilisha kasi aliyoupa mwamba, na mchanga una kasi zake usizoweza kuzivuka. Kwa hiyo havuti. Anarudi kwenye vipimo, anapata kipande ambapo ukuta wa kisima ulibomoka na kuharibu usomaji, anakirekebisha, anajaribu tena. Asubuhi nzima inakwenda hivyo, na mwishowe anajua mstari upi mwekundu ni kilele cha mchanga.

Sasa anaufuata. Bonyeza, sogea, bonyeza. Pale mwangwi ulipo na nguvu huiachia programu ifuate yenyewe. Ukififia, huizima na kuendelea kwa mkono. Akifika kwenye ufa, ambapo matabaka yamekatika na upande mmoja umeshuka, hatafuti mstari unaofanana na wake. Mistari mingi hufanana. Hutazama kundi zima: huu mnene, juu yake miwili myembamba, kisha pengo lisilo na kitu. Akilipata kundi lile lile ng'ambo ya ufa, ndipo anapovuka.

Halafu anageuka na kufuata mstari unaokatiza, kisha mwingine, mpaka anarudi alipoanzia. Muda wa mwangwi alioondoka nao lazima uwe ule anaorudi nao. Mara hii kuna tofauti ya milisekunde 30. Hasawazishi kwa kugawanya kosa. Kama msukaji wa ukili aliyegundua amekosea, anafumua mpaka pale mkono ulipopotea: ufa mdogo, mistari kumi nyuma, aliouruka bila kuuona.

Kuna sehemu ngumu zaidi, na ndiyo iliyonifanya niiheshimu sana kazi hii. Sakafu ya bahari huko kusini mwa Tanzania si tambarare, ina makorongo. Sauti katika maji huenda kama meta 1,500 kwa sekunde, na katika matope ya chini ya bahari yaweza kuwa 2,000. Korongo likiwa na kina cha meta 300, sauti inayopita ndani yake hutumia sekunde 0.4 kwenda na kurudi, ilhali ile inayopita kwenye matope ya pembeni hutumia 0.3. Sehemu hiyo moja ya kumi ya sekunde, ikipelekwa kwenye miamba yenye kasi ya meta 3,000, ni meta 150 za kina ambacho hakipo. Matabaka yaliyonyooka huonekana yamebonyea chini ya korongo, na kati ya makorongo mawili huonekana kilima kizuri sana, cha aina inayotafutwa kwa ajili ya gesi.

“Dada, hiki hapa si ndicho?” nilimuuliza, nikionyesha kimoja.

“Tazama juu yake kwanza, kaka,” alisema, na kidole chake kikapanda hadi sakafu ya bahari. Umbo lilikuwa lile lile.

Kilima hicho hakufikia kukipa rangi. Alitengeneza ramani ya kasi, tabaka kwa tabaka, akageuza muda kuwa meta, na kilima kikalala. Kingine, kidogo, upande wa mashariki, kilibaki. Ndani yake kulikuwa na mwangwi mmoja ulionyooka kabisa, ukikata matabaka yaliyoinama. Mwamba haulali hivyo. Maji chini ya gesi hulala hivyo. Aliukagua kwenye kila mstari, kisha akaandika “inawezekana”.

Kwa kazi ya namna hii zilipatikana gesi za Pweza, Chewa, Jodari, Mzia, Lavani na Tangawizi, majina ya viumbe wa bahari na viungo vya jikoni, ndani ya mchanga ulioporomoka kutoka bara hadi vilindini zamani sana.

Ramani ya mwisho ina kontua, nyufa, na alama ya mahali pa kuchimba. Pembeni huandikwa kina kinachotarajiwa pamoja na meta za kukosea, juu na chini. Kisima kikichimbwa, kina halisi hurudishwa mezani pake. Hukiingiza kwenye ramani ya kasi, hutazama kosa limeangukia wapi, na huanza kuufuata mchanga upya kutoka kisima kipya.